Bega Langu Haliendi Kwenye Soksi

Jumatatu, 4 Machi

Wifi yangu amesema nikiendelea kumfokea yeye kwa makosa ya watu wa kazini, atafunga virago arudi kwao. Kwao ni hapa hapa, nyumba ni ya kaka yake, marehemu mume wangu, lakini nimemwelewa. Kuanzia leo nitaifokea karatasi.

Mvua imeanza. Kwetu sisi wa dobi mvua ni mavuno. Watu hawawezi kukausha nguo majumbani, hoteli haziwezi kuanika mashuka, na matoroli yanatuingilia mlangoni tangu asubuhi yakiwa yamefura. Mimi ni mpiga pasi. Nilikuwa mezani pale wakati msimamizi wetu wa sasa bado anafungwa vifungo na mama yake. Wenzangu wananiita Mama Kola, kwa sababu kola nikiipiga mimi inasimama mpaka mwenye shati alale.

Leo msimamizi alitukusanya. Kuna hoteli kubwa inataka kutupa mashati ya wafanyakazi wake wote, na watu wao watakuja kutukagua Ijumaa ya tarehe 10 Mei. Wanataka kuona kazi inakwenda bila kusimama: pasi, henga ya kutundikia, bomba. Bomba ni lile la chuma lililopita juu ya meza zetu kutoka ukuta mpaka ukuta, shati likishapigwa pasi linatundikwa pale. Kisha msimamizi akatazama dari kana kwamba kuna mjusi anayemdai jibu, akasema, "Mtu ambaye hawezi kutundika mwenyewe, kwa mkono wake, baada ya ukaguzi tutampumzisha kwenye soksi."

Hakutaja jina, wala hakuhitaji. Ni mimi ambaye mkono wangu wa kulia unapanda mpaka usawa wa sikio kisha unagoma. Ni mimi ambaye kwa wiki kadhaa sasa nimekuwa nikimwambia mwenzangu wa meza ya pili, "Hebu nitundikie hili."

Chumba cha soksi kiko nyuma ya boila. Hakina dirisha. Unakaa kwenye kigoda unatafutia kila soksi mwenzake tangu asubuhi hadi jioni, na aliyepelekwa kule sijawahi kumwona akirudi mezani.

Siendi kwenye soksi. Naandika tena ili karatasi isije ikasema haikusikia: siendi.

Jumatano, 6 Machi

Zahanati. Daktari alilizungusha bega langu na mimi nikamtukana kimoyomoyo. Anasema hakuna kilichovunjika wala kuchanika, limekaza tu. "Ni umri, mama. Pumzika." Nikamuuliza mpaka lini. Akasema mpaka nijisikie nafuu. Nikamuuliza kama yeye angeweza kupumzika mpaka ajisikie nafuu, na foleni ile ya nje inamngoja. Akacheka, akaniandikia vidonge. Nilipokuwa nimeshika kitasa akaniambia kuna mtu anafundisha yoga ya polepole, pamoja na namna ya kujikanda mwenyewe, kwenye ukumbi wa nyuma ya posta, kila Jumamosi. Alilisema kwa sauti ya chini, kama anayemwelekeza mtu kwa mganga.

Jumamosi, 9 Machi

Nilitegemea kumkuta msichana mwembamba. Nimekuta jibaba la miraba minne, zamani lilikuwa golikipa, na mpaka leo watu wanaliita Golikipa. Alidaka mipira kwa kujirusha upande mmoja miaka yote ya ujana wake mpaka mgongo ukakataa. Sasa anawalaza watu wazima kwenye mikeka na kuwaambia wapumue. Nilipomwona nilijisemea kwamba pesa yangu ya kiingilio imekwenda na maji.

Akanipa mpira wa tenisi. Kwa kuwa ni mtu wa kudaka, nikadhani atanirushia. Akasema niuweke chini ya unyayo na kuubingirisha taratibu.

"Mwanangu," nikamwambia, "mimi naumwa bega."

"Najua, mama. Anza na unyayo."

"Ningeumwa jino ungenishika kisigino?"

Watu wakacheka, naye akacheka, lakini hakubadili neno. Nikabingirisha. Kisha akasema niiname mbele kwa magoti yaliyolegea, nione mikono inafika wapi. Ilifika chini kuliko ilivyofika mwanzo. Nikamtazama kwa jicho la kumtafuta mwongo.

Akaniuliza kazi yangu. Nilipomwambia, akafurahi kama aliyepewa zawadi. Akasema chini ya ngozi misuli imevikwa utando mwembamba, na utando huo umeshikamana, hauna mahali unapoishia na kusema sasa mimi basi. Ukifanya mwendo mmoja kila siku kwa miaka, unakaza na kugandamana. "Ukivuta pindo la shati, mama, kola haisogei?"

"Inasogea."

"Basi panapouma si lazima pawe ndipo panapovuta."

Nimerudi na mpira. Bega halijabadilika hata chembe. Lakini hilo la pindo na kola limenikaa kichwani, na mtu aliyenishinda kwa lugha ya shati nitamrudia Jumamosi ijayo angalau nimshinde na mimi.

Jumanne, 12 Machi

Mvua. Mashuka. Bega.

Alhamisi, 14 Machi

Mazoezi ya Golikipa kabla ya kwenda kazini: napiga magoti na kuinua mgongo kama paka aliyemwona mbwa, halafu naulegeza. Nakalia visigino, natanguliza mikono mbele, paji la uso chini. Halafu nalala chali, mpira kati ya mfupa wa bega na mkeka, mbali na uti wa mgongo, nangoja. Kungoja ndiko kunakonishinda.

Wifi aliingia akanikuta paji la uso liko sakafuni. Akauliza naabudu nini.

"Naabudu bega."

"Watu wazima wanakunjuka kama majamvi. Hayo ni maombi ya watu wengine."

"Basi na wewe niombee kwa yako, tuone litakalowahi kujibiwa."

Mpira ukaponyoka ukaingia chini ya kitanda. Wifi akasimama pale mikono kiunoni, anangoja. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami nikainama mbele yake, polepole, kwa madaha.

Jumatatu, 18 Machi

Nimelifikiria swali moja siku nzima. Nani alimwambia msimamizi kwamba natundikiwa? Jibu ni fupi, linavaa aproni ya buluu na linakaa meza ya pili. Tunamwita Kimya kwa sababu hanyamazi. Huyo anaweza kukusimulia ndoto yake, ya mumewe na ya jirani, pasi haijapoa. Tangu tangazo lile amesimama wima mezani pake kama askari wa gwaride, shingo ndefu, na anatundika haraka haraka bila hata kunitazama. Anajionyesha. Anaitaka meza yangu, maana iko karibu na dirisha. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo ndiyo kazi yangu, nilipaswa kuona mapema.

Leo aliponyoosha mkono kunipokea shati nilimwambia, "Asante, sijalemaa." Akanyamaza. Kimya akanyamaza! Nililitundika mwenyewe kwa kuruka. Nimeona nyota mchana.

Jumamosi, 23 Machi

Golikipa anasema niende taratibu. Kila kitu kwake ni taratibu. Ukaguzi nao unakuja taratibu, lakini unakuja.

Jumatano, 27 Machi

Nimechoka na taratibu. Mpira wa tenisi ni kitu cha watoto. Dawa ni chungu, kila mtu anajua, na kisichouma hakiponyi. Leo wakati wa chai nilichukua ule ubao mwembamba tunaovalisha mikono ya mashati, nikausimamisha ukutani, nikaegemea ukingo wake kwa uzito wangu wote na kusugua bega kama mtu anayeng'oa ukoko wa sufuria. Machozi yalinitoka. Nikajisemea, hapo sasa!

Alhamisi, 28 Machi

Mkono haufiki hata kifuani. Nimejikanda vizuri sana.

Jumapili, 31 Machi

Siku tatu sijaandika kwa sababu kalamu nayo inashikwa na mkono huo huo. Bega limevimba, mgongo una bonge la weusi na kijani. Ijumaa nilipiga pasi kwa mkono wa kushoto nikaunguza foronya. Msimamizi aliitazama foronya, akanitazama mimi, akaikunja na kwenda nayo.

Leo wifi alikuja na kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Nilijua hotuba inakuja.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," akasema. "Wewe umevunjika bega."

"Mkuu ni nani hapa?"

"Yeyote aliyekuambia pole pole."

Akaniwekea kitambaa. Nikangoja aendelee kunicheka ili nami nimpe yake, lakini hakucheka. Akasema, "Kaka yangu naye alikuwa anasema siendi, siachi, siumwi. Alibeba mizigo ya watu na mgongo umekufa. Siku ile walipomleta kwenye toroli, toroli lile lile la mizigo, alikuwa bado anasema Jumatatu atarudi. Mimi sichukii mikeka yako. Nachukia hilo neno lako la siendi."

Toroli lile nalikumbuka, ila woga wake sikuujua. Miaka yote nimeishi na mwanamke huyu nikidhani kejeli ndiyo tabia yake, kumbe ni woga umevaa kejeli. Nilimshika mkono kwa ule wangu mzima. Nikamwambia kweli, ilivyo moyoni: naogopa chumba cha soksi kwa sababu kola ndicho kitu pekee duniani ninachokifanya ambacho watu wakikiona wanajua ni mimi. Wakiniondoa pale sitakuwa nimepumzishwa, nitakuwa nimefutwa. Akasema amesikia. Kisha akasema mpira wangu uko wapi, aufiche mpaka uvimbe uishe. Ameuficha kweli.

Jumatano, 3 Aprili

Mvua kubwa. Leo vilikuja vitambaa vya meza vya kitani vilivyokaushwa kupita kiasi, vigumu kama karatasi. Kitani kikikauka hivyo, mjinga hukikandamiza. Anaegemea pasi, anaongeza moto, na mkunjo unazidi kuingia, mara kitambaa kinang'aa pabaya au kinaungua. Anayejua anakinyunyizia maji, anakiviringisha, anakiacha. Anakwenda kufanya kazi nyingine. Akirudi kimelainika chenyewe, pasi inapita kwa uzito wake tu.

Nilikuwa nimeshaviringisha cha nne nilipoanza kucheka peke yangu. Miwani, mwenzetu wa meza ya tatu ambaye huona mambo yote kasoro yaliyo mbele ya pua yake, akaniuliza kuna nini. Nikamwambia, "Nimejiunguza kama mwanafunzi." Hakuelewa, akavua miwani akaifuta.

Kitambaa cha watu nakipa maji na muda. Bega langu mwenyewe nimelipa ukingo wa ubao.

Jumamosi, 6 Aprili

Nilimweleza Golikipa yote. Sikuacha kitu. Hakunisema. Akagusa ukingo wa lile bonge kwa kidole, akasema mpira usikaribie pale mpaka rangi iishe; tutaingilia mbali. Leo tumefanya nyonga, kifua chini ya mtulinga, na sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kifundo. Sehemu hiyo! Naweka mkono juu ya mpira mezani, naulegeza, mpira unazama, nangoja. Ilikuwa kama mtu amekuta fundo la uzi aliloliacha mwaka juzi. Maumivu ya haki, si ya kisu. Kisa chote cha pasi kiko pale, miaka yote ya kushika ule mpini.

Niliporudi wifi alikuwa ameuweka mpira wangu juu ya mto, katikati, kama yai.

Jumatano, 10 Aprili

Mkono umefika sikioni tena.

Ijumaa, 12 Aprili

Mvua. Mashuka. Bega kimya.

Jumanne, 16 Aprili

Nimemkosea mtu heshima kwa muda mrefu, na nimegundua leo saa nne ya chai.

Niliingia chumba cha kubadilishia nguo, nikamkuta Kimya amesimama kwenye kona ya ukuta, anasugua bega la kulia kwenye ukingo wa ukuta, meno ameyauma. Kama mimi na ubao wangu. Aliponiona akajifanya anafunga aproni.

"Bega?" nikamuuliza.

"Hapana, Mama Kola, mgongo unawasha tu."

"Inua mkono."

Akauinua. Ukafika sikioni, ukagoma. Kisha akaanza kulia. Akasema yeye ni mfupi kuliko mimi, mimi nilikuwa nadhani anafikaje bomba lile? Akanipeleka mezani pake, akanionyesha chini ya kitambaa kinachoning'inia: kreti la sabuni, limepinduliwa. Anasimama juu yake. Ndiyo sababu ya ule urefu wote, shingo ya gwaride na haraka haraka. Kila shati anapanda na kushuka akiwa amejificha, asije akaonekana naye hawezi. Aliogopa hata kunitazama kwa sababu aliogopa nitaona. Kwa msimamizi, anasema, hakupeleka neno lolote.

Na mimi niliona askari wa gwaride! Nilimwomba radhi. Akasema tusahau, halafu akaanza kunisimulia habari ya kreti tangu siku ya kwanza, na sikumkatiza.

Kesho namletea mpira.

Alhamisi, 18 Aprili

Miwani naye. Yeye hutundika kwa mkono wa kushoto, tulidhani ndivyo alivyozaliwa.

Jumatatu, 22 Aprili

Sasa saa ya chai tuko watatu ukutani, kila mtu na mpira wake kati ya bega na ukuta, tunajisogeza kidogo kidogo kama ng'ombe wanaojikuna. Nimewaambia sheria: si juu ya mfupa, si kwa hasira, ukiona unabana pumzi umezidisha. Kimya anapumua kwa sauti ya kutosha watu wanne. Msimamizi alipita, akasimama, akauliza hiki ni nini.

"Chai," akasema Miwani, macho amefumba.

Alhamisi, 25 Aprili

Nimelipata.

Leo niliwaambia kila mmoja aniwekee kidole pale pabaya kabisa. Kimya akaweka. Miwani akaweka, upande wake wa kulia ule aliouacha. Mimi nikaweka. Ni pale pale. Chini ya kwapa, kwa nyuma, ukingoni mwa mfupa wa bega. Mmoja mfupi, mmoja mnene, mmoja mimi. Mmoja ana watoto wadogo, mwingine hana mtoto. Kijana, mtu wa makamo na mzee.

Mezani kwetu tuna kanuni ambayo hatukufundishwa na mtu. Shati moja likija na mkunjo mbaya, ni la mwenyewe, lishughulikie. Mashati matatu yakija na mkunjo mahali pale pale, acha mashati, kaitazame mashine.

Nikainua macho. Bomba.

Nilikwenda kwa fundi wa boila, ambaye yuko pale tangu enzi na enzi. Nikamuuliza bomba lile liliwekwa juu hivyo kwa nini. Akakuna kichwa. "Si la majoho lile?" Zamani, anasema, dobi yetu ilikuwa inachukua majoho ya kwaya na ya wahitimu. Joho ni refu, likitundikwa chini linaburuza mezani, kwa hiyo wakalipandisha bomba. Wenye majoho waliondoka kabla hata sijaajiriwa. Hakuna aliyelishusha. Matundu ya zamani bado yako ukutani, yamepakwa rangi juu.

Yaani tumekuwa tukijinyoosha miaka yote kwa ajili ya majoho ambayo hayapo! Na kila aliyeshindwa kufika amepelekwa kwenye soksi, na kila mmoja wetu alidhani ni mwili wake. Mimi nilidhani ni mwili wangu. Nilikuwa tayari kuusaga ili ufike.

Ijumaa, 26 Aprili

Nilimwendea msimamizi kwa adabu zote. Nikamweleza bomba, majoho, matundu. Alinisikiliza, sitamnyima haki yake. Kisha akasema, "Mama Kola, bomba liko pale siku zote. Ukaguzi umefika, siwezi kuanza kutoboa kuta. Kwanza naona unaendelea vizuri na mazoezi yako. Endelea nayo."

"Na Kimya?"

"Kimya ana tatizo gani?"

Nikarudi mezani. Siri ya kreti si yangu kuitoa.

Jumamosi, 4 Mei

Leo ukumbini nililala chali, mpira chini ya ukingo wa bega, nikaupeleka mkono nyuma juu ya kichwa polepole, na nikangoja mahali nilipozoea kugomewa. Nikapumua. Sikusukuma. Na pale palipogoma pakaachia, mkono ukaendelea, na mgongo wa kiganja ukagusa mkeka. Nilibaki hivyo nikitazama dari. Golikipa aliona, akageuza uso upande mwingine, jitu lile, akajifanya anakunja mikeka.

Nimefurahi mpaka nimeona aibu.

Jumatatu, 6 Mei

Nimefika bombani! Kiganja kizima. Nilijaribu asubuhi kabla wengine hawajaingia. Nimeokoka na soksi.

Kimya alipoingia nilishindwa kumwambia.

Jumatano, 8 Mei

Jana usafi wa ukaguzi. Walizoa kila kilichokuwa chini ya meza. Kreti limekwenda na takataka.

Kimya hakusema neno mpaka jioni. Safari hii jina lake lilimfaa na sikulipenda.

Wifi ameniuliza nina nini. Nimemwambia. Akasema, "Sasa lile neno lako la siendi unaweza kulitumia."

Ijumaa, 10 Mei

Ukaguzi umepita; naandika yote kama yalivyokuwa.

Walikuja watatu, mbele yao mwanamke wa makamo mwenye viatu vya kazi, mkuu wa vyumba wa hoteli ile. Msimamizi alivaa tai. Mvua ilikuwa inapiga bati mpaka watu wakawa wanapaza sauti. Mashati yakagawiwa, tukapiga pasi. Kola zangu leo zilikuwa kola. Yule mama aliishika moja, akaikunja kidogo na kuiachia, ikarudi mahali pake. Akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Sasa kutundika," msimamizi akasema. "Ataanza Mama Kola."

Nilimwona anavyonitazama. Hakuwa na ubaya, alitaka nifaulu. Alijua nimejifua. Nikachukua henga, nikavisha shati, nikafunga kifungo cha juu. Nikainua mkono wa kulia. Ukapanda, ukapita sikio, ukapita kichwa, henga ikagusa bomba. Nikaishikilia pale. Nilitaka waone, na nilitaka na mimi nione. Kimya alikuwa pembeni yangu, shati lake mikononi, uso umepauka.

Kisha nikalishusha. Nikalilaza mezani, nikalinyoosha mikono yake vizuri.

"Nimeweza," nikasema. "Mmeona. Sasa lishusheni bomba, ndipo nitundike."

Msimamizi akacheka kicheko kisicho na meno. "Mama Kola, wageni..."

"Bomba hili liliwekwa kwa ajili ya majoho. Hapa hakuna joho. Kuna mashati, na kuna wanawake watatu wanaoumwa mahali pamoja. Nimejinyoosha msimu mzima wa mvua mpaka nimelifikia. Anayefuata asijinyooshe. Lishushwe."

"Hilo tutazungumza baadaye."

"Baadaye ni soksi."

Nilikuwa nasikia moyo wangu juu ya mvua ile. Nilidhani nimebaki peke yangu. Halafu Miwani akalaza shati lake mezani, taratibu, akavua miwani akaiweka juu yake. Kimya naye akalaza la kwake. Akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akasema maneno machache tu: "Mimi silifikii. Sijawahi kulifikia."

Yule mama wa hoteli akasogea chini ya bomba. Akainua mkono. Ni mrefu, alilifikia, lakini nilimwona anavyokunja uso njiani. Akaushusha, akalisugua bega lake, akamuuliza msimamizi, "Majoho gani?"

Msimamizi akamtazama fundi wa boila, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na ngazi begani na spana mkononi. Sikumwita. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini. Akasema tu, "Matundu ya chini yapo. Ni kazi ya nusu saa."

Ilichukua zaidi ya nusu saa, maana rangi ilikuwa imezoea kuta, na wageni walikunywa chai wakingoja. Bomba likashuka mpaka usawa wa macho yangu. Kimya akatundika shati lake akiwa amekanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili. Akatundika la pili. Akaanza kumsimulia mama wa hoteli habari ya kreti, na hatukuona wa kumzuia.

Walipoondoka walisema mashati yataanza kuja Jumatatu. Msimamizi akabaki amesimama mezani pangu, tai ameilegeza. Alikuwa na hasira, sitaandika uongo, na alikuwa na kitu kingine ambacho hakukijua jina.

"Umenivua nguo mbele ya watu, mama."

"Bomba ndilo nililolishusha, mwanangu. Wewe uko na tai yako."

Akashika ukingo wa meza. Akasema, "Ulikuwa umeshalifikia. Ungetundika tu. Hakuna ambaye angekugusa tena mpaka ustaafu."

"Najua," nikamwambia, nikavuta shati jingine.